Panya wa Nani?

Waswahili tunasema panya huuma na kupuliza: aliyeumwa hashtuki mpaka asubuhi, akione kidonda unyayoni. Panya mdogo wa nyumbani ana madhara ya kimyakimya kuliko hayo, wala hayahitaji meno. Mkojo wake una protini ambayo wataalamu huiita Mus m 1. Mkojo ukikauka, protini hiyo hushika vumbi jepesi, vumbi likapaa, na mtoto mwenye pumu na mzio wa panya akalivuta usiku kucha bila hata kumwona panya mwenyewe.

Katika miaka ya 1990, watafiti walipima vumbi la nyumba za watoto wenye pumu katika miji ya Marekani. Waliikuta protini hiyo katika nyumba 95 kwa kila 100. Je, akina mama wote hao ni wachafu? Nauliza kwa sababu hata kwetu yupo jirani anayenong'ona kwamba kwa fulani kuna panya, kana kwamba anataja tabia ya mtu.

Baltimore kuna mitaa mingi ya nyumba za safu, zinazogusana ukuta kwa ukuta. Panya hupenya palipopita bomba, akala huku na kuzaa kule. Mpangaji anaweza kupiga deki mara tatu kwa siku. Ukuta si wake. Sasa wajibu ni wa nani: anayeumia, anayemiliki, au anayeweza kuziba tundu?

Mimi nasema ni wa huyo wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye huyohuyo wa pili. Lakini upo ushahidi unaonisumbua. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watoto 361 wa Baltimore na Boston. Familia za kundi moja zilipewa mafunzo tu ya kupambana na panya. Za kundi la pili zilipewa mafunzo pamoja na mafundi wa kutega, kuziba na kusafisha. Baada ya mwaka mmoja, dalili za pumu hazikutofautiana kati ya makundi hayo. Mwenye nyumba akisoma hapo atafurahi: kumbe ushauri unatosha!

Asome na mbele kidogo. Katika makundi yote mawili, watoto ambao nyumbani kwao protini ilipungua sana ndio waliopata nafuu zaidi. Kwa hiyo ushauri si maneno matupu, nakubali. Ila nafuu kuwa sawa hakujibu swali la nani alipaswa kuitolea jasho. Mama aliyefundishwa akaelewa, atapiga magoti jioni baada ya kazi, akishindilia waya wa kusugulia sufuria kwenye matundu ya ukuta wa mtu mwingine. Mtoto atapumua vizuri. Na kodi ya mwezi huo mama atailipa yote.