Je, Kumkinga Binti ni Kumpa Ruhusa?

Liko swali ambalo wazazi wengi wa Bulongwa na wa Makete yote hulinong'ona, wala hawalisemi mbele ya watu. Husema: "Binti yangu ana miaka kumi tu, hajui mambo ya watu wazima. Mbona achomwe sindano ya kuzuia ugonjwa uletwao na mambo hayo? Je, si kama kumwambia, Nenda, njia ni salama?" Swali hili halifai kuchekwa, kwa maana hutoka katika moyo wa mzazi apendaye mwanawe awe safi. Lakini kwa kuwa ni jambo la uhai na mauti, imetupasa tulipime pamoja.

Kwanza na tuujue ugonjwa wenyewe. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo iwapatayo wanawake wengi wa Tanzania kuliko saratani nyingine zote. Kwa makadirio ya mwaka 2020, wanawake wapatao 10,000 waliugua, na zaidi ya 6,000 walikufa. Chanzo chake ni vijidudu vidogo mno viitwavyo virusi vya papiloma. Aliyelionyesha jambo hili ni mtaalamu Mjerumani, Harald zur Hausen, naye alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2008. Vijidudu hivi huenea kwa kujamiiana, na watu wengi, wake kwa waume, huvipata wakati fulani wa maisha yao. Kwa wengi mwili huvishinda wenyewe. Kwa wengine hukaa kimya hata miaka 15 au 20, kisha huzaa saratani. Tena mwanamke mwenye virusi vya UKIMWI yumo katika hatari mara sita kuliko mwenzake. Na katika mkoa wetu wa Njombe, uchunguzi wa mwaka 2022 na 2023 uliona kwamba katika kila watu 100 wa miaka 15 na zaidi, karibu 13 walikuwa na virusi hivyo, wingi upitao mikoa yote ya nchi.

Serikali ilianza kuwachanja wasichana wa nchi nzima mwaka 2018, wale wa miaka 14. Tangu mwaka 2024 huchanjwa wa miaka 9 hata 14, na sindano moja yatosha. Huchanjwa mapema kwa sababu chanjo hii haiwezi kuviondoa vijidudu vilivyokwisha kuingia. Kazi yake ni kuvizuia visiingie. Huko Scotland walianza mwaka 2008, na taarifa iliyotolewa mwaka 2024 ilisema kwamba miongoni mwa waliochanjwa kikamilifu wakiwa na miaka 12 au 13, hakuonekana hata mmoja mwenye saratani hiyo.

Sasa turudi kwenye swali. Je, chanjo huondoa ua lililomzuia msichana? Nauliza: ni msichana gani wa miaka 15 aliyejizuia kwa kuogopa saratani ya miaka 40, ambayo hata jina lake hakulijua? Ua lisilokuwapo haliwezi kung'olewa. Tena watoto wetu wachanga huchanjwa dhidi ya homa ya ini, ambayo nayo huweza kuenea kwa kujamiiana, wala hakuna mama aliyedhani kwamba mtoto wake mgongoni amepewa ruhusa. Na wataalamu waliochunguza katika nchi mbalimbali hawakuona kwamba wasichana waliochanjwa huanza mambo hayo mapema kuliko wenzao.

Pili, usafi wa binti peke yake haumkingi. Aweza kushika maadili yake yote, akaolewa akiwa bikira, na mumewe akawa na vijidudu hivyo bila kujua, kwa mambo ya ujana wake. Au aweza kwenda mjini kufanya kazi katika nyumba ya watu, mbali na baba na mama, akatendwa jeuri na mtu mwenye nguvu. Je, ni haki alipe deni asilolikopa?

Tatu, hata kama binti amekosa kwa mapenzi yake mwenyewe, ni mzazi gani atakayesema kwamba mauti ndiyo adhabu imfaayo, naye ameacha watoto wadogo? Mzazi amwonaye mwanawe anazama mtoni hamwulizi kwanza kama alikatazwa kuogelea.

Lakini wenye shaka wana haki katika neno moja: sindano haifundishi. Haizuii UKIMWI, wala mimba, wala machozi. Zamani bibi na shangazi waliwafunda wasichana. Siku hizi mama humwachia mwalimu, mwalimu humwachia mama, na binti hufundwa na wenzake njiani. Ukimya huu ndio hatari kuliko chanjo. Basi kabla ya siku ya sindano binti na aambiwe kweli, kwa maneno yanayofaa umri wake, ni ya nini na haizuii nini. Yeye si mbuzi apelekwaye joshoni. Wavulana nao wafundwe, kwa maana vijidudu hivi havikai kwa wanawake tu.

Wako wasemao ati sindano hii hufunga uzazi. Jambo hilo limechunguzwa, wala halikuonekana kuwa kweli. Uharibuo kizazi ni ugonjwa wenyewe. Na akina mama, ambao umri wao wa kuchanjwa umepita, wasikae nyumbani, waende wakapimwe. Njia moja ni kupaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi, na dalili za mwanzo zikionekana huweza kutibiwa kabla hazijawa saratani. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi, ndugu zangu, wauguzi wajapo shuleni, mzazi asimfiche binti yake siku ile. Aketi naye usiku uliotangulia, amweleze, amsikilize maswali yake, kisha asubuhi amruhusu aende. Kumfundisha kwema na kumkinga ni kazi mbili za mzazi mmoja, wala moja haichukui nafasi ya nyingine.