Juu ya Mchezo wa Kuua

Walimu wetu wa upande wa Tunduma wametuletea swali, nasi twaona si vema kulijibu kwa haraka. Wauliza hivi: Kijana akiketi mbele ya kioo, akapiga watu risasi katika mchezo tangu adhuhuri hata jioni, wala asiwepo mtu hata mmoja aliyeumia, je, ametenda neno baya? Wengine wao wasema kwamba ni dhambi, maana moyo wake umeua. Wengine wasema ni upuuzi tu, na afadhali kijana awe kibandani kuliko kushinda mpakani akivusha magendo.

Wasomaji wetu wa vijijini pengine hawajaviona vibanda hivyo. Tunduma ni mji wa kungoja. Malori yapanga mstari mrefu yakingoja kuvuka kwenda Nakonde, madereva wangoja karatasi zao, na vijana wangoja kazi ya kubeba. Penye kungoja hapakosi mwenye kuuza kitu cha kupitisha saa. Basi mtu aweka luninga moja au mbili na benchi. Kijana atoa sarafu zake, apewa pedi mkononi, acheza. Wengi wao hucheza mpira wa miguu, na juu ya hao hatuna neno, ila wale waachao masomo.

Lakini mchezo mmoja uliotajwa na walimu watupasa kuuangalia. Waitwa Resident Evil 5, kazi ya kampuni ya Capcom ya Japani. Mfululizo wake ulianza mwaka 1996, na huu ulitoka mwaka 2009. Ni mchezo wa zamani kidogo, lakini katika vibanda vya mipakani vitu vya zamani havifi upesi. Habari yake ni hii: Mwamerika mmoja mweupe, jina lake Chris Redfield, anafika katika nchi ya Afrika iliyobuniwa, mahali paitwapo Kijuju. Watu wa huko wameingiwa na kidudu kiharibucho akili, nao wamjia kwa mapanga na mashoka, naye awapiga risasi. Watu hao waitwa Majini. Ndiyo, wasomaji, neno letu hilo hilo. Tena wapigapo kelele, wapiga kwa Kiswahili. Kijuju yasemekana iko Afrika ya Magharibi, ambako watu hawasemi Kiswahili. Lakini naona watengenezaji hawakusumbuka kwa neno hilo. Lugha yetu imesafiri mbali kuliko sisi wenyewe.

Picha za mchezo zilipoonyeshwa mwaka 2007, watu wengi walinung'unika huko Marekani, wakisema kwamba yule mweupe aua kijiji kizima cha watu weusi. Mwandishi N'Gai Croal wa gazeti la Newsweek aliyasema hayo waziwazi mwaka 2008. Watengenezaji wakakana kwamba walikuwa na nia ya kudharau watu. Hatutaki kuhukumu nia yao. Twaangalia kazi yenyewe.

Sasa turudi kwenye swali. Wale wasemao kwamba mchezo wa bunduki humfanya kijana kuwa mwuaji, hawana ushahidi wa kutosha. Chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilisema mwaka 2015 kwamba michezo ya namna hii huongeza ukali wa mwenendo, lakini mwaka 2020 kikaonya kwamba haifai kusema kuwa ndiyo iletayo mauaji. Na Mahakama Kuu ya Marekani, mwaka 2011, ilibatilisha sheria ya California iliyokataza kuwauzia watoto michezo hiyo, na mmoja wa waamuzi akakumbusha kwamba hata hadithi za kale wasimuliwazo watoto zimejaa damu. Neno hilo ni kweli. Hadithi za bibi zetu zina fisi wala watoto na mazimwi yapasuliwayo matumbo, nasi tulilala salama baada ya kuzisikia. Katika bao twasema, Nimekula, na hakuna aliyeshiba. Watoto wetu hufanya bunduki za mabua ya mahindi, hufa, huamka, huenda kuchota maji. Hata ngoma ya beni, iliyoenea Tanganyika yote wakati wa vita ya kwanza na baadaye, ilikuwa mchezo wa kuiga askari, na vyeo na kwata. Wazee wengi wa kanisa waliichukia, lakini hatukusikia kwamba iliua watu.

Kwa hiyo kuigiza kuua si kuua, na mwalimu amwambiaye kijana kuwa ni mwuaji amsemea uongo, naye kijana ajua kuwa ni uongo, na siku nyingine hatamsikiliza.

Lakini twaona neno jingine. Katika bao adui yangu ni mwenzangu aketiye mbele yangu, nikishinda namsalimu. Katika mchezo wa mabua, aliyekufa ni ndugu yangu, na kesho zamu ni yangu. Katika Kijuju haiko hivyo. Habari yenyewe yaanza kwa kusema: Hawa walikuwa watu, sasa si watu tena. Na hilo likiisha kusemwa, huruma imefungiwa nje, wala si kwa sababu ya ukatili wa kijana, bali kwa amri ya habari. Akimwonea huruma mmoja wao, ashindwa. Hakuna njia ya kuponya, hakuna njia ya kuzungumza, ingawa adui asema lugha ya mchezaji mwenyewe!

Na hapa ndipo tuogopapo, maana maneno hayo twayajua. Usukumani, tangu miaka ya 1970, bibi vizee wengi wameuawa kwa kushtakiwa uchawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni tu. Hakuna aliyewaua akisema, Naua bibi. Kwanza alisema, Huyu si mtu. Mauaji yale hayakufundishwa na mchezo wa Japani, yaliutangulia kwa miaka mingi. Twasema tu kwamba njia ni ile ile, nayo yaanzia katika jina.

Tena nchi yetu hii imeona vita ya kweli. Mapema Novemba 1918 jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck lilipita huku, likavuka na kuishambulia boma ya Fife, isiyo mbali na Tunduma ya leo, kisha likaweka silaha chini Abercorn, ndiyo Mbala, tarehe 25 ya mwezi huo. Waliopigana chini ya bendera zote mbili, wengi walikuwa Waafrika. Na wapagazi waliokufa katika vita ile yote kwa njaa na ugonjwa walikuwa makumi ya maelfu, na wengi hawana jina katika kitabu chochote. Waliandikwa kwa hesabu, kama mizigo waliyobeba.

Haifai kuficha jema lililomo. Mchezo huo huchezwa na wawili, mmoja akimshika yule Mwamerika, na mwenzake akimshika Sheva Alomar, mwanamke wa Kiafrika. Na mmoja akianguka, mwenzake hana budi kumkimbilia, la sivyo wote wawili wameshindwa. Tuliketi nyuma ya vijana wawili wakicheza, tukaona jinsi walivyoitana na kugawana dawa, kwa uangalifu ambao hatujauona kwao katika kazi ya shamba. Lakini tulipouliza wale Majini wapiga kelele kusema nini, walitazamana. Mmoja akajibu kwamba hawajasikiliza.

Basi hatuwaombi walimu waende kwa mwenye kibanda kumfungia kazi yake. Waweza kumwomba asiwape mchezo huu watoto wadogo. Hata Marekani umeandikwa kuwa ni wa wenye miaka 17 na zaidi. Na wale vijana wakubwa waliomo katika darasa la kipaimara, wasiulizwe wameua wangapi. Waambiwe wacheze tena mara moja, sauti ikiwa juu, kisha waje darasani kutueleza waliyoyasikia kwa lugha yao.