Hirizi na Kamba

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Msemo huu aghalabu ndio unaofunga mazungumzo: mama akishataja uchungu wake, nani atathubutu kumjibu? Hata hivyo, lipo swali ambalo msemo huo hauligusi. Uchungu huo, ambao hapana shaka ni wa kweli, unampa mama haki gani juu ya binti aliyekwisha kuwa mtu mzima?

Na achukuliwe mama mmoja wa Ng'ambo, miongoni mwa wengi wa mfano wake. Binti yake ametimiza miaka thelathini, anajitafutia riziki kwa kutembeza wageni, hajaolewa wala haonyeshi haraka ya kuolewa. Leo yuko Nungwi, kesho kutwa Pemba, mwezi ujao Arusha. Si mhuni, anasali, anafunga, na kila apatapo humkumbuka mzazi wake. Ila kukaa pamoja hawezi. Mama naye halali mpaka simu ilie. Akisikia kusi imechafuka, huuliza: "Uko wapi, mwanangu?" Na binti, akiwa bado baharini, hujibu: "Nimeshafika zamani, mama."

Hofu ya mama huyu si ya kuzua. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba hali imejaza watu kupita kiasi, ilizama, na roho za watu kwa mamia zikapotea. Haukupita mwaka, Julai 2012, MV Skagit nayo ikazama katika safari ya kutoka Dar es Salaam kuja Unguja. Mtu wa kisiwani hahitaji kufundishwa kuiogopa bahari.

Lakini hofu isiyo na mipaka humfunza mtoto uongo. Binti hadanganyi kwa kumdharau mamaye. Hudanganya kwa kumhurumia, na kwa kuzichoka lawama. Almuradi kila mmoja anamlinda mwenzake, na wote wawili wanapotezana. Siku ya msiba, seuze siku ya kawaida, mama aliyeambiwa "nimeshafika" hatajua hata aelekee upande gani kumtafuta mwanawe.

Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate aliijua hofu ya namna hii. Mwaka 1858, akiwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu aliyepambana na Sultani Seyyid Said, na maradhi yamekwisha kumdhoofisha, alimtungia bintiye, Mwana Hashima, utendi wa beti zaidi ya mia moja. Masharti aliyomwekea si mepesi. Yaliyomo kuhusu utiifu wa mke kwa mumewe huonekana mazito kwa wasomaji wengi wa leo, wanawake kwa wanaume. Lakini linastahili kutazamwa jina alilokipa kile alichomwachia bintiye: alikiita hirizi.

Hirizi huvaliwa na mwenye kwenda. Aliyeitoa hubaki nyuma, na akishaifunga kwa uzi mkono wake huiachilia. Kamba ni kinyume chake: ncha moja iko kwa aliyefungwa, na ya pili haitoki mkononi mwa aliyefunga. Malezi, nasaha na dua ni hirizi. Radhi ya mama nayo ilikusudiwa iwe hirizi. Lakini mama anaposema "ukisafiri, radhi zangu huna," na safari yenyewe ni ya halali, ameisokota radhi yake ikawa kamba.

Atasema mwenye kupinga: hirizi ya maneno haizuii meli kuzama. Ni kweli. Wala kamba haizuii mauti, kwani watu hufa hata juu ya vitanda vya mama zao. Kinachoweza kuokolewa baina ya wawili hawa ni ukweli, nao una gharama kwa pande zote mbili. Binti asidhani kwamba uhuru ni kutodaiwa kitu. Anadaiwa habari za kweli, hata zile zitakazomnyima mamaye usingizi. Mama naye anadaiwa kuzipokea habari hizo bila ya kumwadhibu aliyezileta, maana mkweli akiadhibiwa leo, kesho atanyamaza.

Siku binti atakaposema, "Bado niko baharini, mama, na bahari si shwari," mama atashikwa na hofu kubwa kuliko ya usiku wowote uliopita. Atakesha juu ya msala wake mpaka alfajiri. Lakini usiku huo atakuwa akimwombea mwanawe pale hasa alipo.