Funga, lakini mshahara wa binti ulipe

Wiki hii jumuiya yetu ilisali nyumbani kwa jirani, na tangu jioni ile sijatulia. Ulipofika wakati wa kushirikishana, kila mtu akasema anachojinyima Kwaresima hii. Mmoja ameacha soda, mwingine nyama, kijana mmoja amefuta tamthilia zote kwenye simu mpaka Pasaka. Mama mwenye nyumba akasema yeye anakula mlo mmoja tu kwa siku, na kwamba sasa anasali kwa wepesi ambao hajawahi kuujua. Tukampigia makofi.

Nilipopeleka vikombe jikoni nikamkuta binti wa kazi anasugua sufuria. Aliniamkia, akajifuta mikono kwenye kanga, kisha akaniomba kwa sauti ya chini nimkopeshe hela kidogo amtumie mama yake kijijini, anaumwa. Hajalipwa tangu Krismasi. "Mama wa hapa ananiambia nivumilie," alisema, "eti ni Kwaresima, tujinyime wote."

Neno hilo ndilo lililoninyima usingizi. Binti yule hakujinyima chochote. Amenyimwa, tena na mtu tuliyetoka kumpigia makofi sebuleni.

Najua nitaambiwa nisihukumu, mfungo ni siri ya mtu na Mungu wake. Kweli, Yesu alifundisha tufunge bila kujionyesha. Lakini mshahara wa mtu ni deni, na mwenye kudai yumo humo ndani ya nyumba, anaosha vyombo. Mwingine atasema hali ni ngumu, ada za Januari zimemaliza kila kitu. Hali ni ngumu, sikatai. Ila mbona ugumu wote umwangukie yeye? Ada imelipwa, king'amuzi kimelipiwa, sare ya kitenge ya Pasaka imeshachangiwa. Aliyebaki ni yule asiyeweza kugomba.

Isaya aliliona jambo hili zamani. Katika sura ya 58 watu wanamlalamikia Mungu kwamba wamefunga na hawaoni jibu, naye anawaonyesha kuwa siku hiyohiyo ya mfungo wanawakandamiza wafanyakazi wao. Mfungo anaoutaka yeye unamfikia mwenye njaa, aliye uchi, aliyefungwa nira.

Wakristo wa kwanza walilielewa hilo mpaka kwenye hesabu. Kitabu cha Mchungaji wa Herma, kilichoandikwa Roma katika karne ya pili, kinaelekeza kwamba siku ya kufunga mtu ale mkate na maji, apige hesabu ya gharama ya chakula ambacho angekula, na kiasi hicho ampe mjane, yatima au mhitaji. Basi ile nyama tuliyoiacha, hela yake iko wapi? Kama imerudi mfukoni mwetu, tumebana matumizi tu.

Kwa sheria ya Kanisa Katoliki, kufunga kwa lazima ni siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 59. Kwa hiyo simlaumu mama yule kwa kuongeza mfungo wake. Natamani aendelee nao. Lakini kujikana anakotudai Kristo kunaanzia pale ambapo jirani anapata haki yake hata kama sisi tutapungukiwa, na mfanyakazi wa ndani ndiye jirani wa karibu kuliko wote, maana tunalala naye chini ya paa moja.

Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inaagiza kibarua maskini alipwe ujira wake siku ileile, kabla jua halijatua. Wewe uliyefunga leo na una msaidizi nyumbani unayemdai uvumilivu, chukua simu umtumie hela yake sasa. Jioni ule mlo wako.