Mashtaka Yasiyofika Mahakamani

Mwenye ng'ombe yeyote katika milima ya Manyovu anaujua ugonjwa wa kimeta, au ameusikia kwa wazee wake. Ng'ombe aliyekuwa akila majani jioni huonekana asubuhi amekufa, na damu nyeusi isiyoganda inamtoka puani. Mabwana mifugo hutuonya tusimchune wala tusile nyama yake, bali tumzike katika shimo refu, kwa maana mbegu za ugonjwa huo zaweza kukaa udongoni miaka mingi zikimngoja mnyama mwingine. Basi si vigumu kwetu kufahamu hofu iliyowapata watu wa Marekani mwaka 2001, walipopata habari kwamba mtu amezikausha mbegu hizo zikawa unga, akazitia katika bahasha, akazipeleka kwa posta kama barua.

Tunaileta habari hiyo mbele ya wasomaji wetu kwa sababu moja. Tangu ugonjwa wa Korona uliposambaa mwaka 2020, katika nyumba nyingi za Wakristu huulizwa kama serikali husema kweli zinapochunguza magonjwa yanayodhaniwa kuwa yametoka mikononi mwa watu. Wako wanaoamini kila neno la wakubwa, na wako wasioamini hata moja. Kesi ya kimeta ya Marekani yaweza kutufundisha njia isiyo ya hao wala ya hao.

Barua za kwanza zilipigwa mhuri tarehe 18 Septemba 2001, nyingine tarehe 9 Oktoba. Zilipelekwa kwa watu wa magazeti na televisheni, na kwa maseneta wawili, Tom Daschle na Patrick Leahy. Watu 5 walikufa na wengine 17 wakaugua. Miongoni mwa waliokufa hakuna seneta hata mmoja. Wawili walikuwa wafanyakazi wa posta kuu ya Brentwood, mjini Washington, ambao kazi yao ilikuwa kupanga barua za watu wengine. Mmoja alikuwa mwanamke mfanyakazi wa hospitali huko New York, na mwingine bibi kizee wa miaka 94. Barua ya Daschle ilifunguliwa tarehe 15 Oktoba, na watu wa ofisi za Bunge wakapewa dawa mara moja. Posta ya Brentwood haikufungwa mpaka tarehe 21. Wale wawili wakafa tarehe 21 na 22. Anayetaka kujua mashaka ya watu yalianza wapi, asianze kwenye ripoti za wapelelezi. Aanze hapo, kwenye siku zile sita.

Hofu ilivuka bahari ikafika hata kwetu Afrika ya Mashariki. Mwezi huo wa Oktoba Waziri wa Afya wa Kenya, Sam Ongeri, alitangaza kwamba barua moja iliyotoka Atlanta ikafika Nairobi imepimwa na kuonekana ina kimeta. Dunia nzima ilishtuka. Vipimo vya baadaye havikukuta kimeta chochote. Lakini wasomaji wetu wanajua jinsi mambo yalivyo: tangazo la hofu hutembea kwa ndege, na masahihisho yake hutembea kwa miguu. Wangapi walisikia lile la kwanza, na wangapi walisikia la pili?

Sasa tuje kwenye upelelezi wenyewe. Haikuwa kazi ya uvivu. Wapelelezi wa FBI walihoji mashahidi zaidi ya 10,000 katika mabara sita. Hata hivyo, katika miaka ya kwanza walimwelekea mtu ambaye siye. Mwezi Agosti 2002 Mwanasheria Mkuu, John Ashcroft, alimtaja hadharani daktari Steven Hatfill kuwa mtu anayeangaliwa katika jambo hilo. Hakumshtaki, alimtaja tu. Kutajwa huko kulitosha. Mtu huyo alifuatwa njiani, jina lake likawa habari ya kila gazeti, kazi ikampotea. Mwaka 2008 serikali ilikubali kumlipa fidia ya dola milioni 5.8 kwa jumla, kisha ikamwandikia kwamba hakuhusika.

Ndipo lilipotokea jina la pili, Bruce Ivins, mtaalamu katika maabara ya jeshi huko Fort Detrick, jimbo la Maryland. Ilisemwa kwamba mbegu za kwenye barua zilikuwa za ukoo mmoja na zile za chupa iliyokuwa chini ya ulinzi wake. Kwamba usiku mwingi wa mwaka 2001 alikuwa peke yake maabarani. Kwamba akili yake ilikuwa na mateso ya muda mrefu. Mambo hayo si madogo, wala hatutaki kuyadharau. Lakini tarehe 29 Julai 2008, kabla hajashtakiwa, alikufa kwa kumeza dawa nyingi. Siku chache baadaye serikali ilitangaza kwamba yeye ndiye mwuaji, naye alitenda peke yake. Tarehe 19 Februari 2010 jalada likafungwa.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Mtu aliyekufa hana wakili. Hakuna hakimu aliyemsikiliza Ivins, hakuna shahidi aliyeulizwa maswali mbele ya watu, hakuna aliyepata nafasi ya kusema, “Hili si hivyo.” Wenzake wa maabara walisema hawaoni jinsi ambavyo angeweza kukausha unga mwingi namna ile bila wao kujua. Nyumbani kwake na garini mwake hazikupatikana mbegu zozote. Watu zaidi ya mia walikuwa wamepata kuifikia ile chupa. Seneta Leahy, ambaye mwenyewe alipelekewa barua, alimwambia mkuu wa FBI mbele ya Baraza la Seneti mwezi Septemba 2008 kwamba haamini kuwa mtu mmoja tu alihusika. Mwezi Februari 2011 wataalamu wa Baraza la Taifa la Utafiti walisema kwamba kwa ushahidi wa kisayansi peke yake haiwezekani kusema kwa hakika mbegu zile zilitoka wapi. Mwaka 2014 wakaguzi wa Bunge nao walionyesha kasoro katika hesabu zilizotumiwa kupima. Tazameni ni nani walioona shaka: seneta, wataalamu, wakaguzi. Hawakuwa walevi wa kilabuni.

Je, basi Ivins hakutenda? Hatusemi hivyo. Pengine alitenda. Wako wenye elimu waliosoma jalada lote wakaridhika. Sisi twasema tu kwamba mashtaka ni mashtaka, hata yakipigwa mihuri kumi, mpaka yapimwe mbele ya mtu mwenye haki ya kuyapima.

Katika Biblia yetu, sura ya kumi na tatu ya kitabu cha Danieli, tumesoma habari ya Susana. Waliomshtaki walikuwa wazee wenye cheo, na waamuzi wa watu. Mkutano uliwaamini kwa ajili ya cheo chao, na Susana akapelekwa kuuawa. Kijana Danieli hakupiga kelele kwamba wazee wote ni waongo. Wala hakuzua hadithi yake mwenyewe juu ya mtu fulani aliyejificha bustanini. Alifanya jambo dogo lenye busara: aliwatenga wale wawili, akamwuliza kila mmoja peke yake ni chini ya mti gani aliwaona. Kila mmoja akataja mti wake. Hiyo ndiyo shaka inayompendeza Mungu, shaka inayouliza mti gani, kisha inangoja jibu. Ile nyingine, inayorukia kusema kwamba wakubwa wenyewe ndio walioziandika barua, nayo ni ushahidi wa uongo, na amri ya nane haikuwasamehe wanaowasingizia wakubwa.

Wasomaji wa Kasulu, Kibondo na Manyovu hawahitaji kwenda Maryland kujifunza haya. Mtu hunywa pombe ya ndizi kwenye arusi, usiku anaumwa tumbo, alfajiri amekufa. Kabla kaburi halijachimbwa, jina limekwisha kutajwa: mama mjane wa nyumba ya tatu, ambaye macho yake ni mekundu kwa moshi wa miaka sitini. Hutokea watu wakachanga fedha kuwaita Kamchape, nao huja na vioo na ngoma, huingia katika nyumba, hutoa pembe ambayo labda waliingia nayo wenyewe, na jioni nyumba ya mjane inawaka moto. Hapana aliyeuliza mti gani. Tena wanaochanga fedha hizo, twasema kwa huzuni, wengine Jumapili hupokea Komunyo. Daktari wa wilaya angaliweza kuuchunguza mwili. Polisi wangaliweza kuandika maneno ya mashahidi. Lakini hiyo yachukua majuma, na kijiji kinataka jina leo, kama vile Washington ilivyotaka jina mwaka 2002.

Bruce Ivins alikuwa Mkatoliki, akipiga kinanda katika Misa kanisani kwao Frederick. Mwezi wa Novemba, jamaa zinapoleta majina ya marehemu wao yasomwe altareni, tutawaombea wale watano waliouawa na barua, wapanga barua wawili wa Brentwood wakiwa wa kwanza. Tutamwombea na Bruce. Pembeni ya jina lake hatutaandika neno lingine lolote.