Usisamehe kwa Mbuzi wa Mwenzako

Somo: Walawi 19:17, Luka 18:1–8, Matendo 16:33–39



Jumapili iliyopita nilitoa ushuhuda mfupi kuhusu pesa za kikundi chetu cha kina mama. Baada ya ibada watu wengi walinisimamisha pale nje na swali moja: Je, ni sawa mtu aliyeokoka kuipeleka benki kortini? Mchungaji akaniambia, "Mama, andika, wote wasome." Basi naandika. Mimi si mhubiri wala si wakili. Ni mweka hazina tu.

Kikundi chetu kina kina mama kumi na wanane, na wengi ni wajane. Tunasuka vikapu na mikeka ya majani ya mkoma, tunauza, kila mmoja anaweka kidogo. Pesa ziko kwenye akaunti ya akiba katika benki moja ambayo sitaitaja jina. Mwaka jana tulitaka kununua mbuzi wa kikundi, nikaenda Lodwar kuchukua stetimenti. Nikiwa ndani ya gari la kurudi Lorugum nikaanza kuhesabu. Kila mwezi, bila kukosa, shilingi 250 zilikuwa zimetoka. Ada ya kutunza akaunti. Miezi 22. Shilingi 5,500.

Kwa mtu mwenye mshahara mnono labda hizo si kitu. Kwetu hiyo ni mbuzi mmoja mzima, tena wa maziwa.

Nilifika nyumbani nikaomba, nikasikia kama amani. Siku ya mkutano nikawaambia kina mama, "Wapendwa, haya mambo ya benki tumesamehe. Bwana atatulipa kwa njia nyingine." Wakaitikia amina. Lakini mama mmoja mzee, ambaye hajui kusoma na hupenda kukaa karibu na mlango, hakuitikia. Aliniuliza polepole, "Mwanangu, umesamehe kwa mbuzi wa nani?"

Nilikosa jibu. Hapa kwetu hata mtoto anajua hili. Mbuzi wa jirani akichukuliwa, mimi siwezi kusimama mbele ya wazee chini ya mti niseme yaishe. Mwenye mbuzi ndiye anaweza kusema yaishe. Mimi nikisema, sijasamehe. Nimemwibia mara ya pili.

Usiku huo sikulala vizuri. Nilijiuliza ile amani niliyosikia ilitoka wapi. Wacha niseme ukweli: ilikuwa ni hofu. Niliogopa zile fomu za Kiingereza. Niliogopa askari wa mlangoni. Niliogopa kuulizwa, "Na wewe ni nani?" Nikachukua hofu yangu nikaiita msamaha, na kina mama wenzangu wakaniitikia amina kwa sababu waliniamini.

Lakini Biblia si inakataza?

Ndugu mmoja alinikumbusha 1 Wakorintho 6, pale Paulo anapowakemea waumini wanaoshtakiana mbele ya wasioamini. Ni neno zito, tusilipite haraka. Lakini Paulo anasema na ndugu wa kanisa moja, watu wanaokula meza moja ya Bwana na kuwa na wazee wanaoweza kuwapatanisha. Kama mimi na dada wa kwaya tunagombania shilingi elfu tano, twende kwa mchungaji. Benki haina mchungaji. Wazee wake ni sheria za nchi.

Mwingine akanitajia Mathayo 5:40, kwamba anayetaka kuichukua kanzu yako umwachie na joho pia. Amina. Lakini angalia vizuri: ni kanzu yako. Yesu hakusema umvue mjane aliye nyuma yako ili wewe uonekane mpole. Pesa yangu mwenyewe naweza kuiachilia, na pengine ni vizuri niiachilie. Pesa niliyopewa kutunza si yangu kuiachilia.

Tena katika Luka 18 Yesu anatupa mfano wa mjane aliyemwendea kadhi asiyemcha Mungu, akamwendea tena na tena mpaka akapata haki yake. Najua mfano ule ni wa maombi. Lakini kama kwenda kwa kadhi kungekuwa dhambi, Bwana asingemchukua mama huyo atufundishe kuomba.

Neno lililonimaliza ni Walawi 19:17. Pale Mungu anakataza kumchukia ndugu yako moyoni, na hapohapo anaamuru umkemee jirani yako waziwazi, usije ukabeba dhambi kwa ajili yake. Kumbe kunyamaza si salama. Sisi tulikuwa tumeisema ile benki kisimani, tumeisema sokoni, tumeisema hata kwenye maombi. Kwa benki yenyewe hatukuwa tumesema neno. Huko si kusamehe, wapendwa. Ni kuchukia kwa sauti ya chini.

Tulichofanya

Kijana wa kanisa anayesomea sheria alitusomea Sheria ya Mabenki, Sura ya 488. Kifungu cha 16A kinasema benki isitoze ada ya aina yoyote kwenye akaunti ya akiba. Kifungu cha 44 kinasema benki isipandishe ada zake bila idhini ya waziri. Akaunti ya aina nyingine, kama ile ya hundi, ina mambo yake, kwa hiyo kwanza soma ile fomu uliyotia sahihi. Yetu ilikuwa imeandikwa akiba, wazi kabisa.

Akatuambia pia kuhusu Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ilipitishwa mwaka 2016, na ya kwanza ikafunguliwa Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Inasikiliza madai ya pesa yasiyozidi shilingi milioni moja. Si lazima uwe na wakili. Unaruhusiwa kujieleza kwa Kiswahili. Na sheria inataka uamuzi utoke ndani ya siku 60 tangu dai lifunguliwe. Moja ya mambo inayosikiliza ni hili hasa: pesa yako iliyo mikononi mwa mwingine.

Lakini hatukuanza na korti. Kwanza nilienda kwenye tawi kuuliza kwa mdomo. Halafu tukaandika barua, tukaomba nakala yetu igongwe muhuri wa kupokelewa. Halafu barua ya pili ya kudai, tukawapa siku 14. Kimya. Ndipo tukafungua dai kwa mtandao, na stetimenti na nakala za barua zikawa ushahidi wetu.

Mambo mawili ambayo sikuyasema madhabahuni

La kwanza. Ile siku ya kuuliza kwa mdomo, dada wa kaunta aliniambia, "Ni sistemu ndiyo inakata, mama." Nikawaka. Nikamwambia mbele ya watu wote waliopanga foleni, "Nyinyi ni wezi." Aliinama tu. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Mama, hata yangu inakatwa."

Maneno hayo yalinifuata mpaka nyumbani. Hapo nikamwelewa Paulo kule Filipi. Walimpiga bila hukumu, wakamfunga. Usiku uleule aliketi mezani kwa askari wa jela, akala naye, akambatiza yeye na nyumba yake. Asubuhi wakubwa wa mji wakatuma watu wamtoe kimyakimya, na Paulo akakataa: waje wenyewe. Askari alisamehewa kabisa. Wakubwa walidaiwa haki. Mtu ni yuleyule, moyo ni uleule, na ni usiku mmoja tu umepita. Mimi nilikuwa nimefanya kinyume chake: wakubwa niliwaogopa, na binti wa watu nikamtukana. Benki haina moyo wa kusamehewa. Ina vitabu, na vitabu vinarekebishwa. Mwenye moyo ni yule dada. Nilirudi Lodwar nikamwomba msamaha, na nauli ya safari hiyo nililipa mwenyewe, maana kosa halikuwa la kikundi.

La pili ni gumu zaidi. Tulipokuwa tunapanga ushahidi, kijana wetu aliweka kidole kwenye mstari mmoja wa stetimenti. Shilingi 2,000 zilikuwa zimeingia, na sisi hatukuziweka. Tulipekua daftari la risiti mara tatu. Hazikuwa zetu. Mtu fulani alikosewa namba, na benki haikuwa imegundua.

Nakiri mbele zenu kwamba wazo lilikuja haraka sana: nyamaza, wao wametukata 5,500. Mama mmoja akasema hiyo ni njia ya Bwana kuturudishia. Karibu niseme amina. Lakini ukidai mizani ya haki, utapimwa kwa mizani hiyohiyo. Na zile 2,000 zilikuwa jasho la mtu, labda mjane kama sisi, anayemlaumu mwingine huko. Tukaandika katika dai letu lilelile: tunadai 5,500, na hizi 2,000 si zetu, zirudishwe kwa mwenyewe.

Shauri letu halikufika kusikilizwa. Benki ilipopata karatasi za korti ilipiga simu. Ilirudisha 5,500, ikazitoa zile 2,000, na ile ada ya kila mwezi ikakoma. Tukiondoa nauli na gharama za kikundi, shilingi 1,900, dai letu lilituachia 3,600. Hazikutosha mbuzi wa maziwa. Tulinunua mwanambuzi.

Jipime

Sisemi kila mtu akimbie kortini. Kuna anayedai kwa sababu anapenda vita, na huyo hata akishinda amepoteza. Lakini kabla hujasema "nimesamehe", jiulize maswali matatu. Kilichochukuliwa ni changu peke yangu, au niliaminiwa kukitunza? Nanyamaza kwa upendo, au kwa hofu? Na je, nimeshamwambia aliyenikosea, au nimewaambia wengine tu?

Na kabla hujadai, jiulize moja: katika stetimenti yangu mwenyewe, ni mstari gani ambao si wangu?

Yule mama mzee ndiye anayemchunga mwanambuzi wetu. Juzi nilimuuliza kama sasa tunaweza kuisamehe benki. Akacheka. "Sasa ndiyo tunaweza," akasema. "Sasa ni sisi tunasema."

Tuombe: Bwana, tupe ulimi wa kusema na aliyetukosea kabla ya kusema na jirani. Utuondolee hofu inayojiita unyenyekevu. Na tunapodai chetu, tusishike cha mwingine. Katika jina la Yesu, amina.