Karatasi Ndani ya Koti

Mwaka 1648 Mfaransa Blaise Pascal alimtuma shemeji yake apande mlima Puy de Dôme na mirija ya zebaki. Kule juu zebaki ilishuka: hewa ina uzito, na ukipanda unapungua. Yeyote angeweza kupanda, akapima, akaona vilevile. Pascal akayachapisha matokeo, kila mtu asome.

Usiku wa Novemba 23, 1654, kwa saa mbili hivi, alikutana na Mungu kwa namna ambayo mrija wowote usingeipima. Hata hivyo, tazama alivyofanya. Aliandika tarehe kwenye karatasi, akaandika na saa, kama aliyezoea vipimo. Kisha karatasi ile ikashonewa ndani ya koti lake, asimwambie mtu.

Mshono ule hunigusa sana. Ya mlimani aliyatangaza. Haya aliyavaa mwilini miaka minane, akiyahamisha kila alipobadili nguo. Nami siwaoni Pascal wawili, mmoja wa vipimo na mwingine wa sala. Aliyajua yote mawili.

Siku chache baada ya kifo chake, mwaka 1662, mtumishi alipapasa koti, akahisi bitana imekuwa nene mahali pamoja, akafumua nyuzi.